Kutoka Mtwara hadi Uzamili wa Falsafa ya India na ya Magharibi: Namna ya Kujiandaa

Kila mwaka ifikapo Oktoba, maghala ya Mtwara, Masasi na Newala huanza kujaa magunia ya korosho ghafi, na sehemu kubwa ya shehena hiyo huvuka Bahari ya Hindi kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Watu wetu wanaovuka bahari hiyohiyo ili kusoma namna Wahindi walivyochambua elimu, mantiki na nafsi kwa zaidi ya miaka elfu mbili ni wachache mno, na wanaozisoma fikra hizo bega kwa bega na zile za Wagiriki, Wafaransa na Waingereza ni wachache zaidi. Mwongozo huu nimemwandikia mhitimu wa shahada ya kwanza anayeishi Mtwara au Lindi, awe mwalimu wa sekondari Nachingwea, mtumishi wa halmashauri Ruangwa au kijana aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi pale Shangani, ambaye ana hamu ya kusoma falsafa hizi mbili katika ngazi ya uzamili au uzamivu lakini hajui ashike wapi. Mambo ya makaratasi na fedha nitayaeleza, kwa kuwa bila hayo hakuna safari, lakini nitayaeleza baadaye na kwa ufupi, maana waombaji wengi niliowaona wakikwama hawakukwama kwa kukosa hati. Walikwama kwa kukosa swali.

Tafuta swali kabla ya kutafuta chuo

Ombi langu la kwanza la uzamili lilikuwa na kichwa kilichosema "Ulinganisho wa Falsafa ya India na Falsafa ya Magharibi", na mimi niliamini kwamba kichwa hicho kina uzito. Andiko lilirudishwa likiwa na maneno machache yaliyoandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu: ya nani, ya karne gani, kuhusu jambo gani? Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba mhadhiri yule alinitendea wema. Falsafa ya India si kitu kimoja. Ndani yake imo mikondo sita inayokubali mamlaka ya Veda, maandiko matakatifu ya kale ya India, nayo ni Nyaya, Vaisheshika, Samkhya, Yoga, Mimamsa na Vedanta, na imo mikondo inayoyakataa mamlaka hayo, yaani Ubuddha, Ujaini na Charvaka, ambao ni wayakinifu waliokataa kukubali chochote kisichofikiwa na milango ya fahamu. Mikondo hii ilibishana kwa karne nyingi, mwandishi mmoja akimjibu mwingine aliyekwisha kufa miaka mia mbili kabla yake, na mtu anayesema "Wahindi huamini hivi" ameshakosea kabla hajamaliza sentensi. Hali ni hiyohiyo upande wa Magharibi, ambako Plato na David Hume wangekutanishwa wasingekubaliana hata juu ya maana ya kujua.

Swali zuri ni lile ambalo lingekusumbua hata usingekuwa mwanafunzi, na ambalo pande zote mbili zimelishughulikia katika maandishi unayoweza kuyataja kwa jina na kwa ukurasa. Nitatoa mfano kutoka ghalani, kwa sababu huko ndiko mimi nilikolipata la kwangu.

Ubora wa korosho unapopimwa, hakuna mtu anayechunguza kila korosho. Mpimaji hupita na bambo lake, akachoma gunia hili na lile, akakusanya sampuli, kisha korosho hizo hupasuliwa kwa urefu moja baada ya nyingine, punje zikatengwa: nzuri huku, zenye madoa kule, zilizosinyaa na zilizooza pembeni. Punje hupimwa kwenye mizani ndogo, na matokeo hutajwa kwa ratili za punje nzuri zinazotarajiwa kutoka katika gunia la kilo 80. Mkulima aliyekaa kwenye benchi la chama cha msingi anaona kiganja kimoja cha maganda yaliyopasuliwa kikizungumza kwa niaba ya tani nzima za msimu wake. Je, tunajua hali ya korosho ambazo hazijapasuliwa, au tunakisia tu? Na kama tunajua, ni kitu gani kinachotupa haki ya kuvuka kutoka chache tulizoziona hadi nyingi tusizoziona?

Hume, Mskoti, aliuliza jambo hilo katika kitabu alichoanza kukichapisha mwaka 1739 na akalirudia mwaka 1748. Jibu lake lilikuwa kwamba hakuna hoja ya akili inayoweza kuthibitisha kuwa yasiyoonekana yatafanana na yaliyoonekana, na kwamba kinachotuvusha ni mazoea. Karne nyingi kabla yake, Wacharvaka walikuwa wameitikisa hoja iliyokuwa mfano wa kawaida katika madarasa ya mantiki ya India. Hoja hiyo ina hatua tano: kilima kile kina moto, kwa sababu kina moshi, kila penye moshi pana moto, kama jikoni, kilima kile nacho kina moshi wa namna hiyo, kwa hiyo kina moto. Msomaji aliyewahi kufundishwa mantiki ya Aristotle, yenye kauli mbili na hitimisho, ataona mara moja kwamba hapa pameongezwa kitu ambacho Aristotle hakukihitaji, nacho ni jiko. Mfano unaoonekana umewekwa katikati ya hoja yenyewe, na jambo hilo peke yake linatosha kuandikiwa sura nzima ya tasnifu. Uhusiano kati ya moshi na moto huitwa vyapti, yaani mwambatano usiokatika. Charvaka anauliza: umeona majiko mangapi hata useme "kila"?

Wanazuoni wa Nyaya walijibu kwa uangalifu mkubwa. Walisema kwamba kuona mara nyingi hakutoshi. Ni lazima utafute sharti lililojificha, ambalo wao waliliita upadhi. Ukisema "kila penye moto pana moshi" utakuwa umekosea, kwa sababu moshi hutokana na moto pale tu kuni zinapokuwa mbichi, na chuma kilichopata moto hadi kikawa chekundu hakitoi moshi. Ubichi wa kuni ndilo sharti lililojificha. Rudi ghalani utaliona: magunia ya juu ni makavu na ya chini yamelala kwenye sakafu yenye unyevu, na mpimaji anayechoma ya juu peke yake amekusanya sampuli nyingi bila kulitafuta sharti. Udayana, mwanazuoni wa Nyaya aliyeishi takriban miaka elfu moja iliyopita, aliongeza hoja nyingine: shaka ina mpaka, na mpaka wake ni pale inapopingana na matendo ya mwenye shaka mwenyewe, kwa kuwa anayedai kutilia shaka uhusiano wa moto na moshi ndiye huyohuyo anayewasha moto anapotaka moshi. Katika karne ya 12 mwanafalsafa Shriharsha aliichukua beti ya Udayana yenye hoja hiyo akaigeuza maneno yake dhidi ya Nyaya. Hume naye anakiri kwamba anapotoka katika chumba chake cha kusomea shaka zake humtoka. Je, Hume na Udayana wanasema kitu kimoja? Hapana, na hapo ndipo tasnifu inapoanza, kwa maana Hume anaona kwamba matendo yetu yanatuokoa bila kutupatia sababu, ilhali Udayana anaona kwamba matendo hayo yanaonyesha kuwa shaka ile haikuwa shaka ya kweli.

Kwa hiyo kichwa changu cha pili kilikuwa "Sampuli na Elimu: Vyapti kwa Wananyaya na Tatizo la Kuhitimisha Yasiyoonekana kwa Hume". Hicho kilikubaliwa. Wewe utakuwa na la kwako. Mtu wa Mikindani aliyekulia miongoni mwa wavuvi anaweza kuuliza kama neno la mzee kuhusu kusi na kaskazi linampa elimu au linampa imani tu, naye atakuta kwamba Nyaya wanalihesabu neno la mtu mwaminifu na mjuzi kuwa chanzo cha elimu kinachojitegemea, kwamba Dignaga na Wabuddha waliomfuata walikiweka chanzo hicho ndani ya uhitimishaji, na kwamba huko Uskoti Hume na Thomas Reid walitofautiana juu ya jambo hilo katika karne ya 18. Andika swali lako katika sentensi moja, mpelekee rafiki asiyesoma falsafa, na kama hakuelewa kwa nini mtu ahangaike nalo, liandike upya.

Kusoma ukiwa bado nyumbani

Usisubiri kufika chuoni ndipo uanze kusoma. Miezi kumi na miwili ya kusoma kwa mpango, saa moja na nusu kila jioni, itakuweka mbele ya wengi utakaowakuta darasani, hasa kwa sababu wanafunzi wa Magharibi kwa kawaida hufika wakiwa hawajagusa upande wa India kabisa. Kamusi elezo ya falsafa ya Chuo Kikuu cha Stanford, iliyoanza mwaka 1995, husomwa bure mtandaoni na ina makala ndefu kuhusu nadharia ya elimu katika India ya kale, na kuhusu wanafalsafa wa Ubuddha Nagarjuna na Dharmakirti. Zipakue kwa kifurushi cha usiku uzisome mchana bila mtandao. Peter Adamson na Jonardon Ganeri wametengeneza mfululizo wa vipindi vya sauti kuhusu falsafa ya India ambao unaweza kusikilizwa ndani ya basi la Dar es Salaam, na safari ile ya kilomita zaidi ya 500 inatosha vipindi vingi.

Historia kubwa za falsafa ya India, kama juzuu mbili za Sarvepalli Radhakrishnan za mwaka 1923 na 1927, au juzuu tano za Surendranath Dasgupta zilizotoka kati ya 1922 na 1955, zitumie kama ramani. Ramani hukuonyesha mji uko wapi, lakini haikuingizi ndani ya nyumba. Baada ya wiki chache ingia katika matini yenyewe kwa tafsiri: Nyayasutra ya Gautama pamoja na maelezo ya Vatsyayana, sura chache za Nagarjuna, na utangulizi wa Shankara, mwanafalsafa wa Vedanta, katika ufafanuzi wake wa Brahmasutra, matini ya msingi ya mkondo huo, ambao ni kurasa chache tu lakini unahitaji kusomwa mara nne au tano. Upande wa Magharibi soma Meno ya Plato, tafakuri za Descartes za 1641, Hume, na walau utangulizi wa kitabu cha Kant cha 1781. Ukitaka kuona kazi ya kulinganisha iliyofanywa kwa ustadi, tafuta kitabu cha Bimal Krishna Matilal cha mwaka 1986 kuhusu utambuzi kwa milango ya fahamu. Matilal alifundisha Oxford hadi alipofariki mwaka 1991, na hakuna mtu aliyenifundisha zaidi yake namna ya kuwaacha wanafalsafa wa kale wazungumze kama washiriki wa mjadala wa leo bila kuwavika nguo zisizokuwa zao.

Namna ya kuandika daftari ni jambo ambalo ningependa ulizingatie sana. Mwandishi wa Kihindi wa zamani huanza kwa kueleza msimamo wa mpinzani wake, uitwao purvapaksha, na huueleza kwa nguvu zake zote kabla ya kuuleta msimamo wake mwenyewe, uitwao siddhanta. Ukisoma kwa haraka utadhani anaamini anachokieleza, na utamnukuu vibaya. Nimeona tasnifu nzima ikiharibika kwa kosa hilo moja. Basi fungua daftari, ukurasa wa kushoto uwe wa mpinzani na wa kulia uwe wa jibu, na kila aya unayosoma iulize: ni nani anayesema hapa? Ukishazoea, fanya vivyo hivyo kwa Descartes na Hume, utashangaa namna wanavyosomeka vizuri zaidi. Tafuta pia watu wawili au watatu wa kujadiliana nao. Wananyaya walitofautisha mjadala wa kutafuta ukweli, ambao waliuita vada, na ubishi wa kutafuta ushindi, na ule wa tatu ambamo mtu hubomoa hoja za mwenzake bila kuwa na msimamo wake. Kijiwe cha kahawa kinaweza kuwa mahali pa vada kama mtakubaliana mapema kwamba anayebadilisha mawazo hachekwi.

Kulinganisha bila kumnyonga mmoja

Kosa la kawaida kuliko yote ni kusema kwamba Magharibi ni akili na India ni dini. Aliyesoma mikondo niliyoitaja hapo juu hawezi kusema hivyo, maana Mimamsa, wanaoitetea Veda kuliko wote, wanaitetea bila kuhitaji Mungu aliyeitunga, na Wacharvaka waliwadhihaki makuhani waziwazi. Kosa la pili ni la kisomi zaidi, nalo ni kutumia mwanafalsafa wa Magharibi kama miwani ya kudumu. Theodor Stcherbatsky, Mrusi, aliwasoma Dignaga na Dharmakirti kwa miwani ya Kant katika kitabu chake cha 1930 hadi 1932, na T. R. V. Murti akamsoma Nagarjuna kwa namna hiyo mwaka 1955. Kazi zao ni kubwa na bado zinasomwa, lakini waliokuja baadaye wakavaa miwani ya Wittgenstein, na Nagarjuna akabadilika tena. Nakushauri ugeuze miwani walau katika sura moja ya tasnifu yako: waache Wahindi wamhoji mtu wa Magharibi.

Upo mfano mzuri wa zoezi hilo. Mwaka 1963 Edmund Gettier alichapisha makala ya kurasa tatu iliyoonyesha kwamba mtu anaweza kuwa na imani ya kweli, yenye sababu nzuri, na bado asiwe na elimu. Dharmottara, Mbuddha wa karne ya 8, alikuwa na mfano unaofanana na hiyo. Mtu amewasha moto achome nyama, moshi haujatoka, lakini nzi wamekusanyika juu ya nyama kama wingu. Aliye mbali analiona wingu lile, anadhani ni moshi, anahitimisha kwamba pale pana moto. Na kweli moto upo. Badilisha nyama kwa samaki wa feri utaliona jambo lenyewe kwa macho yako: mtu yule amepata ukweli kwa bahati. Sasa usiandike tu kwamba Dharmottara alimtangulia Gettier kwa miaka zaidi ya elfu moja, kwa sababu hiyo ni sifa, si falsafa. Uliza kwa nini mfano ule haukuleta msukosuko India kama ulivyoleta Marekani, na utaanza kuona kwamba kwa Wahindi wengi elimu ni tukio linalotokea katika nafsi kwa njia sahihi, wala si imani iliyoongezewa sababu.

Na wewe una lugha ya tatu. Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyefariki mwaka 2022, aliwataka wanafalsafa wa Afrika wajaribu kila tatizo la falsafa katika lugha zao waone kama linabaki kuwa tatizo. Fanya hivyo kwa Kiswahili. Kant alisema kwamba kuwapo si sifa inayoongezwa kwenye kitu. Katika Kijerumani chake, kama katika Kiingereza, neno moja huweza kubeba "Mungu ni mwema" na "Mungu yupo", na ndiyo maana Kant alilazimika kuhangaika. Sisi tunazo "ni" na "yupo" mbalimbali, na hiyo "-po" yenyewe ni ya mahali. Katika Kisanskriti neno satya, yaani kweli, limetokana na sat, yaani kilichopo. Mwanafunzi aliyekaa na maneno haya matatu kwa wiki moja atakuwa na kitu cha kusema katika semina ambacho hakuna mwingine chumbani anayeweza kukisema.

Kisanskriti na neno kwa wazazi

Kwa uzamili unaweza kutegemea tafsiri, mradi ujifunze istilahi muhimu na uzitumie kwa uthabiti. Kwa uzamivu unaohusu India, jifunze Kisanskriti, au Kipali na Kitibeti kama umechagua Ubuddha. Maandishi ya Devanagari huchukua wiki chache, lakini sarufi, yenye hali nane za nomino na idadi tatu, huchukua miaka. Msemaji wa Kiswahili asiogope, kwani aliyezoea kwamba nomino hubadilisha vivumishi na vitenzi vyote vinavyoifuata ameshaielewa roho ya jambo hilo. Na maneno kadhaa tumeshayabeba bila kujua: pesa, laki na gunia yote yalivuka bahari kutoka upande ule.

Nyumbani huenda ukaulizwa jambo ambalo mimi niliulizwa na mama yangu mkubwa, tukiwa uani tunatwanga: "Mwanangu, unakwenda kusoma dini ya Kibaniani?" Swali hilo ni la mapenzi, lijibu kwa heshima. Nilimweleza habari za al-Biruni, mwanazuoni Mwislamu aliyejifunza Kisanskriti na kuandika mnamo mwaka 1030 kitabu kikubwa kuhusu fikra za Wahindi, akieleza kwamba anayasimulia maneno yao kama wanavyoyasema wao, na akabaki Mwislamu. Nikamweleza pia kwamba Upanishadi, matini za kifalsafa zilizomo katika Veda, zilifika Ulaya kwa sababu Dara Shikoh, mwana wa mfalme wa Kimughal, alisimamia tafsiri yake ya Kiajemi mwaka 1657, na tafsiri hiyo ndiyo iliyogeuzwa kuwa ya Kilatini na kusomwa na Schopenhauer, mwanafalsafa wa Ujerumani. Mama alifikiri kidogo, akasema, "Basi kasome, lakini uandike barua."

Chuo, ufadhili na hati

Ukiwa na swali, chagua mtu kabla ya kuchagua jengo. Tafuta ni nani ameandika kuhusu jambo lako katika miaka kumi iliyopita, anafundisha wapi, na kama bado anapokea wanafunzi. India, Chuo Kikuu cha Jadavpur kilichoko Kolkata kinajulikana kwa kuunganisha Nyaya na falsafa ya uchambuzi ya Magharibi. Madras, Pune, Hyderabad, Delhi na Banaras navyo vina idara za falsafa za siku nyingi, na Chuo Kikuu cha Nalanda, Bihar, hupokea wageni wengi katika masomo ya Ubuddha na falsafa. Shahada ya uzamili huko kwa kawaida ni ya miaka miwili, na uzamivu, kwa kanuni za mwaka 2022, hauwi chini ya miaka mitatu, na kwa kawaida hauzidi sita. Nje ya India, Chuo Kikuu cha Hawaii kimekuwa kikiandaa mikutano ya wanafalsafa wa Mashariki na Magharibi tangu 1939, na Leuven, Ubelgiji, ina taasisi ya falsafa iliyoanzishwa mwaka 1889 inayofundisha pia kwa Kiingereza, ingawa nguvu yake ni upande wa Magharibi. Uingereza uzamili huwa wa mwaka mmoja, nao hupita kama upepo. Asiyefika na swali lake mkononi huondoka nalo likiwa halijaiva. Kwa sababu hiyo mimi huwashauri wanaotoka kwetu waanze na miaka miwili ya India.

Kuhusu fedha, Baraza la Uhusiano wa Kitamaduni la India, lijulikanalo kwa kifupi ICCR, hutoa ufadhili kwa Watanzania unaolipia ada, posho ya kujikimu na pango. Maombi hufanyika mtandaoni, kwa kawaida dirisha hufunguliwa miezi ya mwanzo ya mwaka, na ubalozi wa India ulioko Dar es Salaam ndio wa kuuliza. Kwa Uingereza upo ufadhili wa Jumuiya ya Madola, na upo wa Chevening unaodai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, ambazo mwalimu aliyefundisha miaka miwili anazo. Maombi ya Chevening huanza kupokelewa Agosti. Wafadhili wengi watakuuliza falsafa ina faida gani kwa nchi. Usijibu kwa maneno makubwa kuhusu maendeleo; waeleze habari ya bambo na gunia.

Hati ni hizi: vyeti vya Baraza la Mitihani, cheti cha shahada pamoja na hati ya matokeo ya kila muhula, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, pasipoti yenye muda wa kutosha, barua mbili au tatu za mapendekezo, na pendekezo la utafiti. Waombe wahadhiri wako barua miezi miwili kabla, uwape na pendekezo lako walisome, maana barua ya mtu asiyejua unachotaka kusoma huwa nyepesi. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na ukirudi ndiyo itakayoitambua shahada yako, hivyo hakikisha mapema kwamba chuo ulichochagua kinatambuliwa. Kutoka Mtwara au Lindi, shughuli nyingi za hatua ya mwisho zitakufikisha Dar es Salaam. Zipange zote katika safari moja ya wiki nzima, kwa kuwa kwenda na kurudi mara tatu kutakumaliza nauli kabla hujapanda ndege.

Wiki za kwanza

Ukifika India kwa visa ya masomo ya zaidi ya siku 180, jisajili katika ofisi ya usajili wa wageni ndani ya siku 14. Baada ya hapo muulize msimamizi wako kama mjini kuna mwanazuoni wa jadi anayesomesha matini kwa mdomo, mstari kwa mstari, nawe ukae mbele yake hata kama unaelewa theluthi tu. Mkutano wa kwanza na msimamizi nenda na kurasa mbili, zisizidi: ya kwanza ieleze hoja moja ya Kihindi kwa maneno yako, ya pili ieleze hoja moja ya Magharibi, na mwishoni pawe na sentensi moja inayosema zinatofautiana wapi.

Rasimu ya kila sura ikikamilika, mpigie simu yule rafiki wa Mtwara asiyesoma falsafa umsomee kwa Kiswahili aya zako muhimu, ukitafsiri papo hapo. Pale atakapokukatiza na kukuuliza "Hapo una maana gani, ndugu yangu?", weka alama kwa kalamu, kwa sababu aya hiyo inahitaji kuandikwa upya kabla haijamfikia msimamizi.